Maombolezo ya Kapteni Pelekea

Nahinu alikuwa mfasiri wa habari za ng'ambo katika gazeti moja la Kihawaii pale Honolulu, na kwa kuyageuza majina ya kigeni hakuwa na mpinzani. Jina la Kiingereza likimfikia, hakukimbilia kalamu. Alizunguka nalo chumba cha kuchapia akilitamka, akilegeza herufi zilizobanana, mpaka likawa jina ambalo mtu angeweza kumwitia jirani aliye upande wa pili wa shamba. Ndivyo Edward Fletcher, nahodha wa meli iliyozama kwenye barafu ya kaskazini, alivyogeuka Ekewaka Pelekea.

Mhariri Kahoiwai alichoka kusubiri. "Ndugu yangu, hao wageni wako nani anawasoma? Jumamosi ijayo naifuta safu yako, naweka tangazo la sabuni."

Kabla ya Jumamosi yakafika maombolezo kumi na moja kutoka kwa wasomaji. Nahinu alikuwa ameandika kwamba nahodha amekufa, na watu wa visiwani hawamwachi marehemu aende bila kuliliwa gazetini. Walimlilia kwa kuzitaja kwa majina mvua na pepo zivumazo kwao, kama vile alizaliwa mtaa wa pili. Kahoiwai aliyachapa yote, na safu ikapona. Nahinu alivimba kichwa, wala hakuficha.

Wiki ya tatu meli ya barua ikaleta habari kwamba nahodha yu hai. Wawinda nyangumi walimwokoa.

"Umetuumbua," alisema Kahoiwai. "Mji mzima umemlilia mtu anayekula na kunywa. Andika masahihisho, na hiyo ndiyo safu yako ya mwisho."

Aliyaandika, roho ikimuuma, na chini yake akawaaga wasomaji wa safu. Jumatatu akaingia Bi Kamakea, mjane wa mtaa wa Palama aliyetunga ombolezo refu kuliko yote. Nahinu akaanza kuomba radhi.

"Radhi ya nini, mwanangu? Kuliliwa ukingali hai ni bahati." Akamgeukia mhariri. "Wewe ndiye unayetaka kufuta habari zake?"

"Mama, yule ni mgeni tu."

"Mgeni kwako. Mimi nimemlilia siku tatu kwa jina lake, ni wangu sasa. Kwenye masahihisho mmeandika vidole vyake vimekufa kwa baridi. Nani ataniambia kama amefika kwao?"

Nahinu akamvutia mama kiti, akafungua bunda la magazeti mapya ya ng'ambo na kuanza kumtafuta Pelekea ukurasa kwa ukurasa, huku mhariri amesimama nyuma yake, anangoja habari kama msomaji mwingine yeyote.