Chochote Kitakachobaki

Enzi zetu mtoto hakuulizwa anataka nini. Na usinicheke kwamba nina miaka kumi na minane tu. Wewe uliyeingia darasa la saba mwaka ule wa Corona unajua kwamba tulizeeka mapema. Enzi zetu ulipewa. Ukipewa paja la kuku ulikula paja, ukipewa shingo ulikula shingo na kusema asante. Sasa namwangalia mdogo wangu Wafula, miaka kumi na miwili, amesimama mbele ya friji analalamika kwamba kuna maziwa ya aina mbili tu, na najiuliza huyu kalelewa nchi gani. Kalelewa hapa hapa Toongabbie, magharibi ya jiji hili la ughaibuni, nyumba ile ile, mama yule yule. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Nakumbuka Jumamosi tulipokuwa tukienda Quakers Hill kwa Mama Trevor, rafiki wa mama yangu tangu Kenya. Kabla hatujashuka kwenye gari, Mama alizima injini na kugeuka nyuma. "Mkiulizwa mnataka nini, semeni chochote. Mkiambiwa muongezewe, mmeshiba. Tumeelewana?" Tumeelewana, Mama. Siku moja nilisahau, nikamwambia Mama Trevor nataka soda ya machungwa. Mama alinitolea jicho moja tu, na ile soda sikuisikia hata ladha yake.

Lakini mambo hayakuishia hapo, na wewe unajua. Ulisema umeshiba huku tumbo linanguruma, halafu Mama Trevor akasema, "Umeshiba nini na wewe, mtoto mwembamba hivi!" na chapati ya tatu ikatua kwenye sahani yako, ya moto, inanuka siagi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anakataa, mkubwa anasisitiza, mtoto anakula. Kila mtu alijua zamu yake. Mimi nilidhani dunia nzima inajua.

Basi, mwaka ule ulianza kwa moshi. Misitu ilikuwa imeungua kiangazi chote, jua lilikuwa jekundu mchana, na nguo zilizoanikwa nje ziliingia ndani zikinuka jivu. Nilianza sekondari, maana huku inaanza darasa la saba, na kofia kubwa kuliko kichwa changu na sketi ambayo Mama aliinunua ya kukulia. Naamini ingenitosha vizuri leo. Wakati wa mapumziko tulicheza mpira kwenye miraba iliyochorwa sakafuni, tunaupiga kwa kiganja mpaka kinawaka. Siku hizi wanacheza kwa kidole gumba, kwenye simu.

Wiki ya tatu, mwalimu wa muziki, Bwana Halloran, alitangaza bendi. Alikuwa mrefu, mwembamba, soksi zake hazikuwahi kufanana hata siku moja. Alipanga vyombo vyote juu ya meza ukumbini na kutuambia tujaribu tunachopenda. Nilizunguka zile meza mara mbili nikiwa nimefunga mikono nyuma, kama nilivyofundishwa kutembea dukani. Nikafika kwenye tarumbeta.

Ngoja nikueleze kuhusu tarumbeta. Bibi yangu, ambaye kwetu tunamwita Kukhu, anakaa karibu na Webuye, na niliishi naye mpaka nilipotimiza miaka saba. Kila Jumapili bendi ya kanisa lake ilipita mbele ya lango wakiwa na mashati meupe, vumbi mpaka magotini, na mbele kabisa mwanamke mmoja mnene akipuliza tarumbeta inayong'aa mpaka inaumiza macho. Nilikuwa nakimbia kando yake hadi kwenye mto, nikipuliza ngumi yangu. Kwa hiyo pale ukumbini niliishika ile tarumbeta kwa mikono miwili. Nikapuliza. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Bwana Halloran akacheka, akaniambia wengi hawatoi sauti yoyote siku ya kwanza, na kwamba nina mdomo wa tarumbeta. Nilirudi nyumbani nikiushika mdomo wangu njia nzima.

Fomu ilikuwa na mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Mama alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare yake. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alisoma fomu akiwa amesimama.

"Hivi vyombo ni vyetu au vya shule?"

"Vya shule, Mama."

"Na havikodishwi?"

"Wanatupa bure."

"Sasa wewe Nekesa unachaguaje kitu cha watu, tena cha bure? Andika chochote kitakachobaki. Na uandike asante."

Nikaandika. Kwa Kiingereza kizuri na mwandiko wangu wa heshima, kwenye mistari yote mitatu: chochote kitakachobaki, asante. Na sikuhuzunika hata kidogo! Nilijua zamu yangu imeisha, imebaki ya mwalimu. Angesoma, angetikisa kichwa, angesema, "Chochote nini na wewe, mwenye mdomo wa tarumbeta!" Nililala usingizi mzuri kabisa.

Siku ya majibu alisoma majina. Rafiki yangu Harini, aliyekaa jirani yangu darasani, alipata klarineti aliyoomba. Tarumbeta zilikuwa tatu. Ya kwanza ikaenda kwa mvulana mmoja, ya pili kwa msichana mmoja. Nikakaa vizuri. Akaita jina langu, akaenda kwenye stoo, akarudi anasukuma sanduku kubwa lenye magurudumu.

Tuba. Kama hujawahi kuiona tuba kwa karibu, ni wa ukoo wa tarumbeta, lakini ni babu wa ukoo, mnene, amejikunja, na mdomo wake unaweza kumeza sufuria. Ilikuwa moja tu shuleni na haikuwa imeguswa kwa miaka. Nilimtazama Bwana Halloran usoni, nikingoja asisitize. Aliniambia asante kwa kutokuwa na matata, laiti wanafunzi wote wangekuwa kama mimi. Akaifungia tarumbeta ya tatu kwenye kabati la kioo.

Hebu fikiria. Ilibaki! Niliandika chochote kitakachobaki na tarumbeta ikabaki, na bado sikupewa. Niliigeuza hesabu hiyo kichwani mpaka kengele ikalia, na sikuipata.

Mama ndiye aliyenimaliza kabisa. Alikuja kunichukua kwa gari, akaona lile sanduku, akapiga makofi. "Wamekupa kubwa kuliko wote! Umeona sasa faida ya adabu?" Nikawa sijui kama nimeadhibiwa au nimetuzwa. Nikasema nimeona.

Halafu Corona. Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukuhadithia habari za kupigania karatasi za chooni. Shule ilifungwa, tuba ikahamia gereji yetu. Mama akirudi kutoka kazini alivua viatu nje, akaingia bafuni moja kwa moja, na tulikatazwa kumkumbatia mpaka aoge. Kanisa lilikuja kwenye kompyuta, na kila Jumapili kulikuwa na mzee mmoja aliyesahau kuzima maikrofoni, tukasikia ugomvi wake wote kuhusu chai. Wafula, wakati huo miaka sita, alitumbukiza magari yake ya kuchezea ndani ya tuba. Jirani aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, kwa upole kabisa, kama tumeanza kufuga ng'ombe.

Tuliporudi shuleni ikaja amri kwamba ni marufuku kupuliza. Pumzi ilikuwa hatari. Kusoma kwa sauti ruksa, kupiga kelele uwanjani ruksa, kupuliza marufuku. Lakini bendi haikuvunjwa. Tulikaa mbali mbali, vyombo mapajani, Bwana Halloran akiwa na barakoa anahesabu moja, mbili, tatu, na sisi tunabonyeza vidole bila kutoa sauti. Watoto ishirini tunapiga wimbo kimya! Waliosikika ni wapiga ngoma peke yao, na kiburi walichokipata hakijawatoka mpaka leo. Nilijifunza nyimbo nne mwaka ule ambazo sijui zinasikikaje.

Na kila wiki niliiangalia tarumbeta ya tatu. Kabati lilikuwa kando ya mlango. Huwezi kutoka bila kulipita. Siku moja niliwaacha wenzangu watoke, nikabaki nimesimama mbele ya kioo. Bwana Halloran akaniuliza, "Nekesa, kuna kitu unataka?" Aliniuliza! Kwa mdomo wake, kwa jina langu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nikaliona lile jicho la Quakers Hill, nikasikia sauti yangu ikisema niko sawa, asante. Akasema haya. Akazima taa. Nililia kwenye kituo cha basi nyuma ya barakoa, na uzuri wa barakoa ni kwamba hakuna aliyejua.

Mwaka uliofuata walitufungia tena, na sisi wa magharibi ya jiji ndio tuliobanwa zaidi. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya nyumba zetu tusijue zinatafuta nini. Mama aliondoka asubuhi na kurudi alasiri na alama za barakoa zimechimbika mashavuni. Alikuwa akiweka kiti mlangoni mwa gereji, mbali nami, anakula githeri yake ya mahindi na maharagwe kwenye bakuli huku nikipiga tuba. Tuba peke yake haina cha kusema sana. Ni pu, pu, pu, ya kuwashikilia wengine.

"Nekesa, mbona wimbo wako hauna wimbo?" aliniuliza siku moja.

"Wimbo wanao wenye tarumbeta, Mama."

"Ah." Akaendelea kula. Kisha akasinzia, bakuli mkononi, nami nikaendelea kupiga polepole nisimwamshe. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa naogopa atakufa. Vyote viwili kwa pamoja. Sikujua mtu anapaswa kufanya nini na vitu viwili vya namna hiyo.

Tuba niliirudisha shuleni nilipofika darasa la kumi. Tarumbeta ya tatu sikuikuta tena kabatini. Sikuuliza imekwenda wapi.

Sasa, wiki iliyopita, Wafula kaja na fomu. Fomu ile ile, mistari mitatu. Akaijaza akiwa amesimama, mdomoni ana mkate: ngoma, ngoma, ngoma. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo. Nikageuka kumwangalia Mama, nikingoja. Nilingoja kwa raha kabisa, nakiri, nikitaka na Wafula yampate yaliyonipata.

Mama alivaa miwani, akasoma. "Ngoma mara tatu?"

"Ndicho ninachotaka," akajibu Wafula kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hakisemi.

"Basi weka sahihi hapa chini," akasema Mama. Akamrudishia kalamu.

Sahani ilinitoka mkononi ikaingia kwenye maji. "Mama! Mimi uliniambia niandike chochote kitakachobaki!"

Wafula alishajiondokea zamani, anagonga kuta za korido kwa vijiko. Mama akavua miwani.

"Mwaka ule wa Corona," akasema, "kazini walituuliza nani angependa kufanya kazi upande gani. Nikasema popote. Tulikuwa watatu tuliosema popote, wote wa kwetu. Wote watatu tukapelekwa upande wa waliougua. Nikawa nangoja meneja aseme hapana, wewe una watoto wadogo." Akacheka kidogo, bila furaha. "Watu wa huku, Nekesa, ukiwaambia kitu wanaamini. Nilichelewa kujua."

Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi tu niliyekuwa mbele ya kabati.

"Na wewe," akasema, "ulitaka nini siku ile?"

"Tarumbeta."

"Kama ya kwa Kukhu?"

Alijua. Sikumweleza, alijua mwenyewe. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akakaa akigeuzageuza kikombe chake. Kule ndani Wafula alikuwa amepata sufuria, na kelele zilijaa nyumba nzima, na hakuna aliyemkemea. Sisi tungejaribu! Enzi zetu ukigonga sufuria, sufuria ilikugonga. Lakini nilimsikiliza nikaona wivu, na chini ya wivu nikazikumbuka zile chapati za tatu ambazo yeye hakuwahi kuletewa, kwa sababu yeye huomba na hupewa, na basi, yameisha.

"Jumamosi twende tukakutafutie," Mama akasema. "Unataka ipi?"

"Yoyote tu, Mama. Hata ya zamani."

Akaweka kikombe chini. Akanitolea jicho, lile lile la kwenye gari, halijapungua hata kidogo.

"Nekesa. Nimekuuliza."

"Ya rangi ya dhahabu," nikasema. "Mpya. Inayong'aa." Na moyo ulinidunda kama nimeiba kitu.