Rozari Kupitia Mbao

Mtu aliyeniharibu mguu analala vizuri sana. Najua, kwa sababu nyumba yangu na yake zinashikana ukuta, na ukuta wenyewe ni mbao. Sisi tunaokaa juu mlimani hapa Bukavu tunajenga kwa mbao na mabati, tena tunabanana, jirani akikohoa unampa pole bila kufungua mlango. Kitanda chake kiko upande ule, changu kiko upande huu. Usiku kucha alikoroma na mimi nikamsikiliza.

Ni muuguzi. Sote tunamwita docta, maana mtaani kwetu yeyote mwenye sindano ni docta. Ana kachumba kake ka kutibia kando ya barabara, na hapo ndipo nilipokwenda siku niliposhikwa na malaria, nimetoka sokoni Nyawera ninapouza maharagi, mwili wote unawaka. Nilitaka sindano. Kwetu kidonge ni cha watoto. Mtu mzima akiumwa kweli anataka sindano, tena ya takoni, asipochomwa anaona hajatibiwa. Kwa hilo simlaumu. Lakini alinichoma huku simu ameibana kati ya shavu na bega, anabishana na mwenzake juu ya mpira. Sindano ilipozama, kitu kama umeme kilinishuka kutoka takoni mpaka kwenye kidole kikubwa cha mguu. Nikalia kwa sauti. Yeye akasema, "Vumilia, maman, dawa iko kali," akarudi kwenye mpira wake.

Malaria ilipona. Moto wa mguu ukabaki. Mchana nilikuwa ninaubeba tu, nikiburuta kandambili inayovuka kila mara kwa sababu vidole havishiki tena. Usiku ndio ulikuwa wake. Nikilala chali unaniunguza, nikigeuka unanichoma, na shuka ikigusa ngozi ni afadhali nimwagiwe maji ya ugali yanayochemka. Bukavu usiku ni baridi, mvua ikipiga mabati unatamani blanketi mbili, na mimi siwezi kuvumilia hata moja. Nikachukua kapu langu la kupimia maharagi, nikalifunika juu ya mguu, blanketi nikalitandaza juu ya kapu. Hivyo ndivyo nilivyolala, au tuseme hivyo ndivyo nilivyokesha. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Daktari wa hospitali kule mjini alinigonga hapa na pale kwa kinyundo, akaniuliza nilichomwa sindano wapi. Nikamwonyesha. Akasema sindano iligusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mshipa huo hupona polepole au hauponi. Alinipa vidonge vilivyonilaza mchana juu ya magunia yangu na kuniacha macho usiku. Nilirudi na maneno yake mpaka kwa jirani yangu. Alinisikiliza huku anapanga chupa zake.

"Docteur huyo hakukuwa hapa," akasema. "Mimi nimechoma watu wangapi? Nani mwingine analalamika?"

Kama angeishia hapo, pengine ningemwachia Mungu. Hakuishia. Kesho yake wanawake wa robine, bomba la mtaa, pale tunapopanga mabidoni yetu ya maji asubuhi, walikuwa na habari mpya: mguu wangu ni karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole tunayoiogopa kwetu kuliko ugonjwa wowote, mtu anakutilia katika chakula, unakauka kidogo kidogo. Docta amesema. Amesema itafutwe kwa yule anayenipikia.

Anayenipikia alikuwa mdogo wangu. Tulikaa wawili tu. Alikuwa anakaanga mandazi alfajiri na kuyauza hapo hapo kwenye robine, na watoto wa mtaa mzima walikwenda shule na mandazi yake. Tangu siku ile hakuna aliyenunua. Mama mmoja alimpokonya mtoto wake andazi mdomoni na kulitupa kwenye mtaro, mdogo wangu akiwa anaangalia. Nilipiga kelele pale, nikawaambia neno la daktari, wakaniangalia kwa huruma. Lisemwalo lipo, walisema, na maskini aliyelishwa hajui. Nikamwendea chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, akaniambia nivumilie, kwani docta ndiye anayetibu watoto wetu usiku. Mdogo wangu alifunga nguo zake, akapanda basi dogo la Nyangezi kwa mama yetu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na si kwa huzuni.

Usiku ule mguu uliwaka na jirani akakoroma, na nikaona hapana. Mmoja kati yetu ana haki ya kulala na si yeye. Nilitaka kitu kimoja tu: asimame kwenye robine, kwa mdomo ule ule, aseme alichofanya. Mpaka siku hiyo, asilale.

Nifanye nini? Nikipiga sufuria, watasema karuho imepanda kichwani. Nikitukana, ataniita kwa chef. Nikachukua rozari.

Nani atamkataza mwanamke mgonjwa kusali? Nilivuta kigoda mpaka kwenye mbao, nikanyoosha mguu juu ya sakafu ya baridi, nikaanza kwa sauti ya kanisani. Salamu Maria, umejaa neema. Nikaifikisha nusu, mpaka kwenye jina la Yesu, nikanyamaza. Kwetu Salamu Maria husaliwa na wawili: mmoja anaanza, mwingine anapokea. Katika shirika letu la mtaani, mwezi wa Rozari, mimi huanza na huyo docta ndiye kiongozi wa wanaopokea, ana sauti nzuri, mshenzi yule. Na Mkatoliki wa kwetu hawezi kuiacha Salamu Maria ikatike. Ianze karibu naye, mdomo wake utaimaliza hata kama anamenya viazi. Nilimwachia nusu yake hewani, nikangoja. Mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia. Nikaanza nyingine.

Hakupokea usiku ule, wala uliofuata. Lakini hakulala, na kwa mara ya kwanza tangu sindano ile nilikuwa na mwenzangu. Mguu ukinichoma sana nilipandisha sauti. Ukipoa kidogo nilisali taratibu, ili asinzie, kisha nimwamshe. Nasema wazi: nilifurahi. Nilipokwenda kuungama nilimwambia padri kwamba siku hizi nasali sana usiku. Akanisifu.

Asubuhi moja alinisimamisha njiani, macho yamemvimba.

"Maman, sala zako ziko ndefu siku hizi."

"Docta, karuho iko kali," nikamjibu. "Au unataka nimuambie Bikira afupishe?"

Alikwenda kwa chef. Chef alicheka, akamuuliza tangu lini mutu anashitakiwa kwa rozari. Docta akahamisha kitanda chake upande wa pili, lakini nyumba ya mbao ina upande wa pili gani? Alianza kusinzia mchana kwenye kachumba kake. Watu wakasema docta amechoka, wengine wakasema amelogwa.

Kisha usiku mmoja, mvua imekatika, nilifika nusu nikanyamaza, na upande wa pili sauti ikapokea. Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu. Chini chini, kama mtu anayesemeshwa kwa nguvu. Nilishtuka mpaka nikausahau mguu kwa muda. Nikaanza ya pili, akapokea. Tukaenda hivyo fungu zima, Salamu kumi, mimi na yeye, mbao katikati.

"Maman," akasema mwishoni.

"Niko."

"Ile sindano niliipitisha fasi mubaya. Niliteremuka sana. Nilijua ile ile saa ulilia."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kuliko nilivyongoja usingizi. Yalipokuja niliona ni machache.

"Mimi unaniambia nini?" nikamwambia. "Mimi nilikuwa pale. Kaambie robine."

Nikaanza fungu jingine.

Alikuja kwenye robine asubuhi moja ya Jumamosi, wanawake wote wakiwa wamejaa. Hakuwa amenyoa ndevu. Alisimama kati ya mabidoni akasema, "Mguu wa maman huyu haiko karuho. Ni mimi nilimuchoma mubaya. Mudogo wake hakumutilia kitu." Bidoni la mtu lilijaa, likamwagika, na hakuna aliyeliondoa. Yule mama wa andazi alijifunga kitenge upya, akaangalia ziwa kule chini.

Mdogo wangu alipata habari, akarudi na basi la jioni. Siku chache tu baadaye, wanawake wale wale walikuwa wamepanga mstari mbele ya karai lake, wanamwita binti yangu, binti yangu. Yeye aliwauzia na kucheka nao. Ingekuwa mimi, ningewalisha majivu.

Usiku wa kurudi kwake nilioga, nikalala mapema, nikiamini sasa nitalala. Deni la moyo lilikuwa limekwisha. Mguu ukaniamsha kama kawaida yake, kutoka takoni mpaka kidoleni, na upande wa pili wa mbao mkoromo ulikuwa umerudi, mnene, wa mtu aliyeungama.

Nikavuta kigoda. Mdogo wangu akainua kichwa gizani.

"Yaya, si amesema mbele ya watu wote?"

"Amesema."

"Sasa?"

"Mguu haukusikia," nikamwambia, nikaanza Salamu Maria kwa sauti ya kanisani, nikaiacha nusu. Mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia, na baada ya muda akapokea.