Mama wa Kemisti

Mama wa kemisti, duka la dawa la hapa Makongeni, hauzi dawa ya mafua kabla hajasikiliza unavyopumua. Huinamisha kichwa, hufumba macho, kisha huuliza polepole, “Makamasi yanashuka kooni ukilala?” Wengi huwaambia wakaoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Jumatatu nilikuwa pale jirani yetu Nekesa alipoleta mtoto wake wa miezi minne, akaomba matone ya pua iliyoziba. Mama wa kemisti alimfungua mtoto nguo, akaona mbavu zikididimia kila akivuta pumzi. “Hii si pua, mami. Ni kifua.” Akambeba mwenyewe, wakakimbilia hospitali, mimi nikabaki kumlindia duka. Mtoto aliwekewa oksijeni. Kufikia jioni alikuwa ananyonya. Mama wa kemisti aliporudi kunieleza hayo, aliniomba nimfungulie chupa ya maji. Mwenyewe alikuwa amejaribu mara mbili, kifuniko kikamteleza.