Kalamu Isiyoandika

Tabibu wa zahanati ana vidole safi, havina hata doa la wino. Kila mwezi Pelagia humletea barua ileile ya daktari bingwa wa Tabora mjini, kwamba bintiye Levina aandikiwe dawa ya kifafa hapahapa kijijini. Tabibu huisoma polepole, hufungua kalamu, huifunga.

“Mama, dawa hii siandiki mimi. Rudini kwa bingwa.”

Bingwa naye husema alishamwachia tabibu.

Leo Pelagia alimwambia vidonge vya akiba walivyopewa na bingwa vimekwisha tangu Jumapili. Kalamu ikafunguliwa, ikafungwa. Tabibu akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama anatoa rambirambi. Na Levina yu hai, amekaa kwenye benchi, anawatazama.