Karatasi za Njugu

Juzi mpwa wangu aliniletea kazi ya likizo, sentensi zenye mapengo, akaniuliza utajuaje jibu kama neno lenyewe hulijui. Nilicheka, rafiki yangu, maana jambo hilo lilikaribia kunifukuzisha shule.

Tuliishi Bondeni, mimi na nyanya yangu. Alikaanga njugu kwa chumvi mpaka ploti nzima ya wapangaji inanukia, nami nikakunja karatasi za kuzifungia. Zilikuwa mitihani ya zamani, zilizonunuliwa kwa kilo, nyingi zimetobolewa na panya. Nilipenda kuzisoma. Penye tundu niliangalia maneno yaliyobaki kando yake, nikakisia lililoliwa. Nyanya alinigombeza, njugu zinapoa.

Basi darasa la saba nikapata mapengo yote kwenye mtihani wa Kiswahili. Mwalimu hakufurahi. Kila mtu alijua maswali yake huyanakili kutoka mitihani ya zamani, na kila mtu alijua njugu za nyanya zinafungwa na nini. Wenzangu walianza kunitazama kando, eti profesa wa njugu. Mwalimu alisema nisipokiri nitapewa sifuri na barua ya kufukuzwa.

Nililia, nikaapa maswali yake sijawahi kuyaona. Ndipo akatunga sentensi papo hapo, akaiandika ubaoni: *Ingawa mzee huyo alikuwa ____, alivaa matambara.* Mkata, mkwasi, au mlafi?

Nikasema mkwasi.

"Mkwasi ni nani?"

"Sijui, mwalimu. Lakini mkata ni maskini, na maskini kuvaa matambara si ajabu. Hiyo 'ingawa' inataka ajabu. Mlafi naye ni mambo ya chakula. Kwa hivyo huyu lazima awe na mali."

Alifuta ubao, akanirudishia alama zangu.

Nilikimbia nyumbani kumwambia nyanya. Jirani alikuwa amenitangulia, akamwambia watu wanasema anauzia watoto mitihani. Nilimkuta nyanya ameinama kwenye jiko, anasukuma karatasi motoni, furushi baada ya furushi.

"Mwalimu ameniamini, nyanya."

"Hata mimi nakuamini, mtoto wangu. Ni hawa watu siwaamini."

Kesho yake njugu zilifungwa kwa karatasi ya kaki, tupu pande zote. Nyanya hayupo siku hizi. Shule sikufika mbali, ila vitabu nimesoma, vizima, havina tundu hata moja. Ni vizuri, lakini hakuna mwandishi aliyewahi kuniachia neno nimalizie mwenyewe.