Kibali cha Watu Hamsini

Siku ile ofisini tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, baba yetu mdogo, akiwa amevaa koti la marehemu baba, na afisa utamaduni wa halmashauri, kijana mgeni katika mkoa wetu, aliyetupokea vizuri na kutupa viti. Nawataja wote kwa sababu baadaye ilisemekana kwamba nilikwenda peke yangu.

Tulifuata kibali cha mganda. Hiyo ni ngoma ya wanaume: wanajipanga mistari kama askari, vibuyu vinapulizwa kama tarumbeta, na kundi moja hualika jingine kushindana. Walioalikwa hulishwa na kulazwa, kisha hubaki na deni la kuwaita wenyeji wao waje kwao. Baba alikuwa kapteni wa kundi la kijiji chetu, huku juu upande wa Mapera. Mwaka wake wa mwisho aliteremka na wenzake hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakacheza, wakala samaki mpaka wakachoka. Alikufa kabla hajawaita. Mama naye akamfuata, nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasigawanywe kwa ndugu kama vifaranga.

Watu wa ziwani wakamtungia baba wimbo. Mimi niliusikia sokoni Mbinga, kwa mama mmoja aliyepandisha usipa, dagaa wa huko ziwani. Aliuimba huku akinipimia, bila kujua mimi ni mtoto wa nani: Mmatengo alikula usipa wetu, akajificha kwenye shimo la ngolo. Ngolo ni mashimo tunayochimba sisi Wamatengo mashambani milimani ili mvua isibebe udongo. Wateja walicheka. Ni utani, najua, na sisi tunawatania wao vibaya zaidi. Lakini baba alikuwa shimoni kweli. Nililipa, nikaondoka nikiwa nimesahau kuchukua usipa.

Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja: watu wa ziwani waje, wacheze uwanjani kwetu, wale, na jina la baba litoke katika ule wimbo. Nilifuga nguruwe. Nililima mahindi ya ugali na ya pombe. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwarudisha wanaume wa kundi lake, wengine wamezeeka, wengine wamekuwa walokole na ngoma hawataki kuisikia. Ndipo nikatuma mwaliko ziwani na siku yenyewe, Jumamosi baada ya kumaliza kuchuma kahawa. Siku ya mganda ikishapokelewa haisogezwi. Anayeisogeza huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Ofisini alizungumza baba mdogo, kama ilivyo kwetu. Yatima ana mkubwa wake.

"Mnatarajia watu wangapi?" afisa aliuliza.

"Aa, mheshimiwa, wachache tu. Ndugu ndugu."

"Wachache ni wangapi, mzee wangu? Mia?"

"Mia!" Baba mdogo alicheka. "Tutawalisha nini? Weka wachache."

"Niandike hamsini?"

"Hata hamsini hawafiki."

Mdogo wangu alinigusa kwa kiwiko. Nami nilijua kwamba kundi peke yake lingejaza Fuso, bado kijiji kizima na vijiji jirani, maana nani husikia mganda akabaki nyumbani? Nikasema, "Baba mdogo, samahani, nadhani..."

"Wewe, ngoma ya wanaume umeijulia wapi?"

Afisa akaandika hamsini. Kibali kikapigwa muhuri.

Njiani, mdogo wangu akamuuliza kwa nini amesema vile. Baba mdogo hakuona haya hata kidogo. "Mgeni hahesabiwi kabla hajafika," alisema. "Ukitaja mia mbili wakaja kumi, aibu ya nani? Shule hawawafundishi hilo?"

Na kweli, hivyo ndivyo tulivyolelewa wote. Hata mama, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu "hawa hawa." Ukiwa na debe kumi za maharage unasema umepata kidogo. Nyumbani hakuna anayedanganyika, kila mtu anajua kupandisha hesabu kichwani. Lakini yule kijana hakuzaliwa kwetu, na karatasi yake haijui kupandisha.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nilimwamkia afisa kwa jina la kazi yake, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, umati wa namna hiyo unataka polisi wajulishwe, vyoo, mtu wa afya. Inawezekana, siku bado zipo. Ila muombaji ni mzee. Yeye ndiye aje asahihishe."

Nikapanda bodaboda mpaka kwa baba mdogo. Nilimkuta akianika kahawa, kahawa ya mibuni ya baba, ile aliyosema anatutunzia mpaka tukue. Nilipiga magoti.

"Niende nikaseme nilidanganya?" alisema. "Mbele ya mtoto wa juzi?"

"Useme tulikosea, baba mdogo. Ni kwa ajili ya kaka yako."

"Kaka yangu amelala. Hata wao polisi, nani atapanda huku juu kuhesabu watu? Nenda kapike."

Jumamosi zilikuja Fuso mbili. Wazee wa ziwani walishuka wamevaa nyeupe tupu, ndoo za usipa mikononi, wakitaniana na akina mama wetu waliokuwa wakikoroga ugali. Kapteni wao, mzee mwenye sauti ya chini, aliuliza kaburi liko wapi. Nikampeleka. Alisimama pale akavua kofia.

"Ule wimbo tuliuanza hatujui kama amefariki," aliniambia. "Tulipojua, watoto walikuwa wameshaupenda. Utusamehe, mama. Leo tutaufuta."

Kufika mchana kijiji kilikuwa kimefurika mpaka kwenye mibuni. Ngoma ya kwanza ilipigwa. Mistari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kwenda, vibuyu vinalia, mtendaji wa kata akaingia uwanjani na mgambo, kibali mkononi.

"Hapa imeandikwa hamsini. Muombaji yuko wapi?"

Tukamtafuta. Tuliambiwa amekwenda kuangalia nguruwe wake. Nikasimama mimi.

"Wewe ndiye uliyeomba?"

"Ni baba yangu mdogo. Lakini shughuli ni yangu."

"Shughuli yako, kibali chake. Basi nimkamate nani?" Mgambo wakacheka.

Kijana mmoja wa kwetu akapiga kelele kwamba waache, tucheze, watafanya nini. Kapteni wa ziwani akamnyamazisha kwa mkono. Akanitazama mimi, si mtendaji. "Mwanangu, tulikuja kucheza kwako. Hatukuja kukufungisha." Akawageukia watu wake, wakafungua kamba za ngoma kama watu wanaovua nguo za msiba.

Niliwasihi wale chakula kwanza. Sufuria zilikuwa zinachemka, nyama ya nguruwe imeiva. Hakugusa mtu. Kwao, kama kwetu, mgeni wa mganda hula akishacheza. Anayekula bila kucheza amekula sadaka. Zile ndoo za usipa waliziacha kwa akina mama, kwa kuwa zawadi hairudi. Fuso ziliteremka jua bado liko juu.

Baba mdogo alirudi nyama ilipopakuliwa. Alikula vizuri. Aliwaambia watu kwamba haraka za wasichana ndizo zilizoharibu, kwamba nilikimbilia ofisini bila kumshirikisha.

Mdogo wangu alitaka kumvaa. Nilimzuia, na mpaka leo hanielewi, na siku nyingine sijielewi.

Nimenunua vitoto vya nguruwe tena. Afisa amesema safari ijayo naweza kuomba mwenyewe, kwa jina langu, na nitamtajia mia nne bila kupepesa macho. Lakini yule kapteni hawezi tena kupanda milima, nasikia miguu imevimba, na wanaume wa baba wamepungua wawili. Baba alikuwa anadaiwa ngoma moja. Mimi nadaiwa mbili, ile yake na hii iliyokatizwa, na ndoo za usipa juu yake.