Dereva Ambaye Jina Lake Halikupatikana

Gazeti lilifika Shinyanga kwa treni, likiwa na umri wa siku mbili. Tangu mwaka 1965, alipoolewa na dereva wa lori, Mwamvua alikuwa amesomewa habari za ajali hadi akazijua kwa moyo: gari halikuwa na namba, barabara haikuwa na jina, na chanzo kilikuwa mwendo wa kasi. Ng'ombe akikatiza, mwendo wa kasi. Daraja likisombwa na maji, mwendo wa kasi.

Alhamisi moja ya mwaka 1976, Rajnikant, mwenye duka la vitambaa mkabala na nyumba yake, alivuka barabara akiwa na gazeti mkononi. Rajnikant hakuwa mtu wa kuvuka barabara. Alimsomea mistari minne: lori lililotoka Katoro limepata ajali njia ya Ushirombo, dereva, ambaye jina lake halikupatikana, amefariki, chanzo ni mwendo wa kasi.

Muhidini, mumewe, aliondoka Jumamosi kupeleka saruji Katoro. Alitakiwa kurudi Jumanne.

"Lori la Muhidini haliwezi mwendo wa kasi," Mwamvua alisema. "Baiskeli zinalipita."

Ilikuwa hoja nzuri, ila wote wawili walijua kwamba gazeti lingeandika hivyo hivyo hata kama lori lingekuwa limeegeshwa.

Kufikia adhuhuri shangazi yake, Bi Mwahija, alikuwa ameshafika na mikeka miwili na majirani sita. Alitaka mikeka itandikwe, na Mwamvua avue bangili akae eda. Mwamvua akakataa. Kumtandikia matanga mtu aliye hai ni kumwitia mauti. Kutomtandikia aliyekufa ni kumwacha kama mbwa, na ndugu za Muhidini wa Tabora wasingesahau. Alisimama mlangoni, bangili zikiwa bado mkononi. Gulamali, mwenye lori, alikuwa akipiga simu Geita tangu asubuhi, na simu ilikuwa ikikatika tangu asubuhi.

Mwishowe alijitanda kanga akamfuata Maige, karani aliyekuwa pia mwandishi wa gazeti hapo mjini. Maige alimwamkia kwa adabu zote. Akaeleza kwamba ajali aliiona mwenyewe, Jumatatu alfajiri, akiwa ndani ya basi akitoka kwa wakwe zake. Mwamvua akataka kujua kama basi lilisimama. Halikusimama, ila lilipunguza mwendo sana.

"Ulimwona uso?"

"Amefunikwa gubigubi, mama. Shuka la mistari ya kijani."

Mwamvua akakaa sakafuni palepale. Shuka hilo alilinunua yeye, kwa Rajnikant. Maige, pengine akidhani anamfariji, akaongeza mengine: lori limeinama upande mmoja, matawi yametandazwa barabarani mbele na nyuma, viatu vya marehemu viko kando ya gurudumu.

"Viatu vilikuwaje?"

"Vyeusi tu."

"Nakuuliza vilikuwaje. Vimetupwa huku na huku?"

Maige akafikiri, kazi ambayo huenda ingefaa kufanywa Jumatatu. "Vimewekwa sawa," alisema. "Soksi zimo ndani."

Miaka kumi na moja Muhidini alivua viatu namna hiyo, soksi zikishindiliwa ndani ili nge asipate pa kuingilia. Alijifunika kichwa kwa sababu ya mbu. Na matawi hukatwa na dereva ambaye gari lake limeharibika, kuwaonya wenzake. Maiti hakati matawi.

Lakini matawi hukatwa hata na utingo, na viatu vya maiti huvuliwa na walio hai. Mwamvua alirudi nyumbani na nusu ya faraja, ambayo ni mbaya kuliko kuikosa kabisa, akamwambia shangazi yake mikeka isubiri.

"Isubiri nini, mwanangu?"

"Mwenye soksi."

Hakula, hakulala. Kila lori lililopita alilisikiliza gia zake, na hakuna lililokuwa lenyewe.

Lilikuja Ijumaa alasiri, baiskeli mbili zikilipita. Springi ilivunjika, Muhidini alieleza. Siku nne alilala chini ya gari huku utingo akitafuta nyingine Katoro. Mwamvua alimtazama miguuni kwanza, ndipo usoni. Bi Mwahija akatandika mikeka hata hivyo, kwa kuwa wali ulikuwa umeshapikwa.

Muhidini aliomba asomewe habari ya kifo chake mara mbili. Kufa hakukumuudhi sana. "Mwendo wa kasi?" alisema, akaomba asomewe mara ya tatu.

Maige aliahidi kwamba gazeti litasahihisha. Mwamvua hakulingoja. Kabla ya safari iliyofuata alidarizi kwenye lile shuka la mistari ya kijani jina la mumewe, kwa herufi kubwa alizochorewa na Rajnikant, zinazosomeka hata na mtu aliye ndani ya basi lisilosimama.